Kupatana bei ya bima ya nyumba Kenya: mwongozo kamili

Bei ya bima ya nyumba Kenya haibandikwi ukutani. Peleka nyumba moja kwa kampuni tatu wiki hiyohiyo, utapata bei tatu, na huenda jioni mmoja wao akakupigia kusema "bosi amekubali tushuke kidogo". Bima ya gari sheria inakulazimisha uwe nayo, angalau ile ya kulinda watu wengine barabarani. Ya nyumba hakuna anayekulazimisha isipokuwa benki iliyokukopesha, kwa hiyo unaweza kunyanyuka mezani ukaondoka, na aliye upande wa pili anajua hivyo.

Hata hivyo wengi huanza vibaya. Husema "nipunguzieni", hupewa punguzo dogo la heshima, wakalipa. Bei hushuka kwelikweli ukigusa mambo manne: thamani unayoikatia bima, sehemu za mkataba unazochukua, kiasi unachokubali kubeba mwenyewe, na habari za ulinzi wa nyumba. Huko ndiko tunakoanzia. Maneno ya kupatana yatakuja baadaye, na wala si mengi.

Hatua ya 1: Jua kilichomo kwenye kifurushi

Kampuni nyingi za Kenya huuza bima ya nyumba kama kifurushi kimoja chenye sehemu zilizopewa herufi. Sehemu A ni jengo lenyewe: kuta, paa, ua, geti, tangi. B ni vitu vya ndani: makochi, friji, televisheni, nguo, vyombo. C ni vitu unavyotoka navyo, kama simu, laptopu, kamera na vito. D ni wafanyakazi wa nyumbani, kwa mujibu wa sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile watu huita WIBA. E na F ni dhima: mtu akiumia kwa kosa lako ukiwa mwenye jengo, au ukiwa mkaaji.

Hulazimiki kuchukua zote. Ukiwa mpangaji, A si yako, ni ya mwenye nyumba. Ukiwa na fleti, uliza kwanza kampuni inayosimamia jengo, maana mara nyingi bima ya jengo zima inalipwa kutoka kwenye pesa mnazochanga kila mwezi. Omba nakala uone kiasi kilichokatiwa. Wapo wanaolipia Sehemu A mara mbili kwa miaka, na siku ya hasara hawapati fidia mara mbili.

Sehemu ya kuangalia kwa jicho kali ni C. Jengo hutozwa sehemu ndogo ya asilimia moja ya thamani, vitu vya ndani hukaribia asilimia moja, lakini C hupanda mara kadhaa juu ya hapo kwa sababu simu huanguka na laptopu huibwa kila siku. Tuseme umepewa asilimia 1 kwa B na asilimia 5 kwa C. Vifaa vya shilingi 200,000 chini ya C vitakugharimu 10,000 kwa mwaka, sawasawa na vitu vya ndani vya milioni moja. Simu yenye miaka mitatu haifai kukaa hapo. Laptopu inayokupa riziki huenda ikafaa. Na ile televisheni iliyofungwa ukutani haina safari yoyote, iache kwenye B.

D nisingeiondoa. Ni ya bei ndogo, na dada wa kazi akiungua jikoni au mtu wa shamba akianguka mtini, gharama ya hospitali haina mzaha.

Hatua ya 2: Tafuta thamani sahihi, hasa ya jengo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea pande zote mbili.

Bima ya jengo hulipa gharama ya kujenga upya. Hailipi bei ya soko. Shamba haliungui. Mtu amenunua nyumba Syokimau kwa milioni 18, anaandika milioni 18 kwenye fomu, ajenti anafurahi. Lakini ndani ya bei hiyo mna ploti, mna ukaribu wa barabara, mna faida ya aliyejenga. Pima eneo la sakafu kwa mita za mraba, kisha muulize mkadiriaji wa gharama za ujenzi au fundi mkuu wa kuaminika ni shilingi ngapi kwa mita kwa nyumba ya kiwango chako. Tuseme nyumba ni mita 150 na umeambiwa 45,000 kwa mita: hiyo ni 6,750,000. Ongeza asilimia 10 ya kuondoa kifusi na kulipa mchoraji ramani, ongeza ua, geti na tangi, ufike milioni 8. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.2, milioni 18 ingekutoza 36,000 na milioni 8 itakutoza 16,000. Hujamwomba mtu punguzo lolote, na elfu ishirini zimebaki mfukoni.

Sasa usivuke upande wa pili. Kuna anayeona mchezo huo akaandika milioni 4 ili alipe kidogo zaidi. Mikataba karibu yote ina kifungu cha wastani: ukikata bima ya chini kuliko thamani halisi, kampuni inakuhesabu kuwa umejibebea sehemu iliyobaki. Nyumba ya kujengwa upya kwa milioni 10, umeikatia milioni 6. Jiko limeungua, hasara ni milioni 2. Utalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani 1,200,000, kisha watoe kiasi chako cha kujibebea. Hizo 800,000 zilizobaki ni zako wewe na mafundi. Kifungu hichohicho hufanya kazi kwenye vitu vya ndani, na huko ndiko kinakouma watu wengi, kwa sababu hakuna anayekaa chini kuhesabu vitu vyake.

Basi kaa uhesabu. Zunguka chumba kwa chumba ukiwa na simu, piga picha, andika bei. Mapazia, magodoro na nguo husahaulika, na ukijumlisha utashtuka. Weka picha na risiti kwenye barua pepe, maana simu yenyewe inaweza kuondoka pamoja na mwizi. Kabla hujaandika bei, uliza kampuni jambo moja: wanalipa kitu kipya kwa kilichopotea, au wanatoa uchakavu? Jibu ndilo litakuambia uandike bei ya dukani leo au thamani ya kitu kilivyo.

Hatua ya 3: Karatasi moja kwa wote

Andika ukurasa mmoja na utume huohuo kwa kila mtu. Ukimwambia huyu milioni 7 na yule milioni 8, kotesheni (bei za maandishi) zitakazorudi hazilinganishiki. Ukurasa uwe na:

- mahali nyumba ilipo, mwaka ilipojengwa, kuta na paa ni za nini;
- thamani ya A, B na C, na orodha ya vitu vya bei kubwa kimoja kimoja;
- idadi ya wafanyakazi wa nyumbani na mishahara yao;
- ulinzi: grili za madirisha na milango, ua wa umeme, kengele iliyounganishwa na kampuni ya ulinzi, soja wa usiku, vizima moto;
- nani anaishi humo, na nyumba hukaa tupu muda gani;
- madai uliyowahi kufanya, hata kama ni ya kwa kampuni nyingine.

Mstari wa ulinzi uandike kwa ukamilifu, kwa sababu fomu za kampuni huuliza kijuujuu. Mtaa wenye geti moja na soja saa 24 ni hoja ya bei. Mstari wa madai usiupambe. Ukificha wizi wa mwaka juzi, unawapa sababu ya kukataa kulipa baadaye. Vivyo hivyo kwa saluni uliyofungua kwenye gereji au chumba unachokodisha kwa wageni wa siku mbili tatu.

Kwa wenye nyumba za makuti kuanzia Diani hadi Lamu: sema makuti mapema, hata kama ni banda la barazani pekee. Kampuni kadhaa zitakataa, zitakazokubali zitapandisha bei na kudai vizima moto. Kama makuti yako kwenye banda lililo mbali na nyumba kubwa, omba bei mbili, ya nyumba peke yake na ya vyote. Huenda ukaamua banda ulibebe mwenyewe.

Hatua ya 4: Nani wa kumpelekea

Njia ni nne. Kampuni yenyewe, moja kwa moja. Ajenti, ambaye kazi yake ni kuuza kwa niaba ya kampuni. Broka, ambaye kisheria yuko upande wako na huzunguka kampuni nyingi. Na benki, ambazo siku hizi nyingi zina dawati la bima. Anayetaka mfumo wa takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, anaweza pia kuiuliza Takaful Insurance of Africa, iliyoanza kazi mwaka 2011.

Mimi ningechukua kampuni mbili za moja kwa moja, broka mmoja na benki ninayoweka pesa. Broka mmoja, nasisitiza. Ukituma nyumba moja kwa mabroka watatu, wote wanaishia kwenye kampuni zilezile, na kampuni ikiona jina lako mara tatu itampa bei wa kwanza na kuwaambia wengine walete barua yako ya uteuzi, inayosema ni broka yupi umemchagua. Umejifungia soko mwenyewe. Mwambie broka ni kampuni zipi umeshaziuliza ili azipite.

Walio na mkopo wa nyumba wasome barua ya mkopo kabla ya chochote. Mara nyingi benki huitia bima yake kwenye makato ya kila mwezi na mtu haulizi tena. Waandikie uulize kama watakubali bima ya nje yenye jina la benki kama mwenye haki ya kwanza ya fidia, na masharti ni yapi. Hata wakikataa, kotesheni ya nje mkononi huwafanya watazame upya bei yao.

Kila jina utakalopewa, litafute kwenye orodha za Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ambayo huchapisha kampuni, mabroka na maajenti wenye leseni. Na usikimbilie ya bei ya chini kabisa bila kuuliza hulipaje madai. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Resolution mwaka 2022. Waliokuwa wamelipa ada zao walibaki kwenye foleni. Uliza watu walioibiwa au kuunguliwa, si waliolipa tu, maana ada hakuna kampuni inayoshindwa kuipokea.

Hatua ya 5: Linganisha maandishi kabla ya bei

Kotesheni zikirudi, jizuie kutazama jumla ya chini. Tafuta haya kwanza, na ukiyakosa, yaulize kwa barua pepe ili jibu libaki.

Mafuriko. Baada ya mvua za Machi hadi Mei 2024, hakuna anayehitaji kuelezwa. Kuna mkataba unaoyafunika, kuna unaoyafunika kwa eksesi (kiasi unachobeba mwenyewe) kubwa, kuna unaoyaondoa kwa maeneo fulani. Uliza pia kuhusu bomba lililopasuka ndani ya nyumba, maana hilo ni jambo tofauti na hutokea zaidi.

Vurugu. Mikataba mingi hufunika fujo za kawaida na mgomo lakini huondoa vurugu za kisiasa na ugaidi, ambavyo huuzwa kama nyongeza. Kwa nyumba ya ndani ya mtaa unaweza kuiacha. Kwa nyumba iliyo juu ya duka, kwenye barabara ambayo maandamano hupita, fikiria mara mbili.

Wizi bila kuvunja. Kampuni nyingi hulipa pale tu ambapo kuna dalili ya mlango au dirisha kuvunjwa kwa nguvu. Mwizi akiingia kwa ufunguo wa ziada, hupati fidia. Soma pia kama grili ni sharti. Kama ni sharti na dirisha moja la choo halina, ziba dirisha kwanza.

Nyumba tupu. Angalia ni siku ngapi mfululizo nyumba inaweza kukaa bila mtu kabla kinga ya wizi haijasimama. Wapo wanaoruhusu siku 30, wapo wanaoruhusu chache zaidi. Hili linawahusu wanaofunga nyumba Desemba kwenda ushago, na zaidi wale walio Doha au Muscat wenye nyumba Nyali inayolindwa na shamba boi. Kampuni itataka kujua kama mlinzi analala ndani au nje ya nyumba, na hilo ni heri lijulikane sasa.

Kikomo cha kitu kimoja. Vitu vya ndani vya milioni 2 vikiwa na kikomo cha asilimia 5 kwa kitu kimoja, televisheni ya 180,000 italipwa 100,000 tu, isipokuwa uliiorodhesha kwa jina. Kuorodhesha mara nyingi hakuongezi hata shilingi.

Eksesi. Hicho ndicho kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote, mara nyingi asilimia fulani ya dai na kima cha chini. "Asilimia 10, si chini ya 10,000" maana yake dai la 12,000 utalipwa 2,000. Kotesheni ya bei ya chini mara nyingi imeficha unafuu wake hapa.

Mwisho, makato ya serikali. Juu ya ada huja asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu kwa mkataba mpya. Ada ya 20,000 hivyo huwa 20,130. Ada ya bima haitozwi VAT. Ukiona mstari wa "gharama za ofisi" au kitu kingine kisichoeleweka, omba kielezwe au kiondolewe.

Hatua ya 6: Kupatana

Sasa una kotesheni nne za ukurasa uleule. Chagua mkataba unaoupenda kwa maandishi yake, hata kama si wa bei ya chini, kisha umpigie mwenye huo. Anza asubuhi ya katikati ya wiki, wiki nne au zaidi kabla ya bima yako ya sasa kuisha. Anayepiga simu siku ya mwisho hana cha kupatania.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Habari yako dada. Asante kwa kotesheni. Nina nyingine hapa ya elfu kumi na tisa, thamani zilezile, eksesi ileile. Nyinyi mko elfu ishirini na nne. Mkataba wenu naupenda kwa sababu mafuriko yamo. Mkifika elfu ishirini, nalipa leo."

"Hiyo ni ngumu, lakini ngoja niongee na ofisi."

"Sawa dada, ongea nao. Waambie mtaa una geti moja na soja, na sijawahi kudai."

Kisha nyamaza. Usimpigie baada ya saa moja. Ajenti mwenyewe hana uwezo wa kukata bei sana, anayekata ni aliye ofisini, na umempa huyo sababu tatu za kuandika kwenye faili: bei ya mshindani, ulinzi, na historia safi. Bei ya mshindani isiwe ya kubuni. Wataomba kuiona.

Wakishuka hadi 22,000 na kugoma, hapo ndipo wengi huachia. Usiachie bado, geuza ombi: "Basi bei ibaki, lakini eksesi ya wizi ishuke", au "mniongezee kodi ya miezi ya kukaa kwingine nyumba ikiungua", au "nyongeza ya vurugu iingie humo". Vitu hivi ofisi huvitoa kwa wepesi kuliko pesa.

Kinyume chake pia ni silaha. Uliza: "Nikibeba elfu ishirini badala ya elfu kumi, ada inashuka ngapi?" Ikishuka 800, achana nayo. Ikishuka 4,000 na una akiba ya dharura, ichukue, kwa sababu madai madogo hayafai kupelekwa kampuni hata hivyo. Pale kampuni inapotoa punguzo la kutodai, dai la televisheni moja linaweza kukugharimu punguzo hilo.

Ukiahidiwa unafuu wa kuunganisha gari na nyumba, omba bei ya kila kimoja peke yake, halafu ya vyote. Wakati mwingine punguzo la nyumba limepakiwa kwenye gari. Na ajenti akikuambia atakurudishia kitu kidogo pembeni kwa simu baada ya kulipa, kataa kwa upole. Punguzo halali liko kwenye hati.

Hatua ya 7: Kulipa

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijaingia. Ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi, nifunike sasa" haina nguvu. Lipa kwa Paybill au akaunti ya kampuni yenyewe, kamwe si kwa nambari ya simu ya ajenti, na usitulie mpaka stakabadhi ya kampuni ifike.

Ukitaka kulipa kidogo kidogo, uliza kama kampuni inakubali awamu bila riba. Mkopo wa ada kutoka benki huja na riba na gharama, na unaweza kumeza punguzo lote ulilopigania.

Hati ikija, ilinganishe na barua pepe zako siku hiyohiyo: thamani, eksesi, mafuriko, siku za nyumba kuwa tupu, vitu vilivyoorodheshwa. Kosa la chapa likirekebishwa kabla ya hasara ni kazi ya dakika tano. Likigunduliwa na asesa, yaani mkadiriaji wa hasara, baada ya moto, ni kesi.

Hatua ya 8: Mwaka wa pili

Notisi ya kurudia bima huletwa na bei iliyopanda au ileile, na vitu vilevile, pamoja na friji uliyoiuza. Usiilipe kama ilivyo. Toa vilivyoondoka, weka vilivyoingia, uliza upya gharama ya kujenga kwa mita, kisha tuma ukurasa uliosahihishwa kwa kampuni yako na nyingine mbili. Mwaka huu kazi ni ya jioni moja kwa sababu ukurasa tayari unao.

Bei ya nje ikiwa chini kidogo tu na kampuni yako imewahi kukulipa dai bila kukuzungusha, kaa. Ikiwa wamekuzungusha, ondoka hata kwa bei sawa, na kama bado kuna dai lililokwama kwao, lipeleke kwa maandishi IRA pamoja na nakala za barua zote. Hakikisha tu bima mpya inaanza siku ya zamani inapoisha, isibaki hata siku moja katikati.